Posa ya Nchi Kavu

Tangu masika yaliyopita nimekuwa nikitafsiri riwaya moja ya Kimarekani, na hadi leo sijalipata jina lake kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza inaitwa The Winning of Barbara Worth. Iliandikwa na Harold Bell Wright, ikatolewa Chicago mwaka 1911, ikasomwa na watu wengi mno katika zama zake, na mwaka 1926 ikatengenezwa filamu iliyompa Gary Cooper nafasi yake ya kwanza ya maana. Neno linaloanza jina hilo lina sura mbili. Kwa neno hilo mtu hushinda vita, na kwa neno hilohilo huupata moyo wa mwanamke. Mwandishi alizitaka sura zote mbili, kwa kuwa ndani ya riwaya yake msichana na jangwa ni kitu kimoja: atakayelinywesha jangwa ndiye atakayemwoa msichana.

Kiswahili hakinipi neno la namna hiyo. "Kushinda" ni kwa maadui na mitihani. "Kumtwaa" kuna harufu ya mabavu. "Kumpata Barbara Worth" kunasikika kana kwamba alipotea sokoni, ingawa ni kweli kwamba alipotea, kama nitakavyoeleza. Na hapo sijagusa taabu ya jina lake mwenyewe. Nilipomsomea mama kurasa za mwanzo alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza barabara hiyo inajengwa kutoka wapi kwenda wapi.

Hadithi kwa ufupi ni hii. Wasafiri wanaovuka jangwa la kusini mwa California wanakuta maiti ya mwanamke na, si mbali naye, mtoto wa kike akiwa hai. Jefferson Worth, mwenye benki, anamchukua na kumlea. Mtoto anakua akilipenda jangwa lilelile lililomfanya yatima. Mhandisi mmoja mzee, ambaye watu humwita Mwonaji, anaota kuuleta mto Colorado katika bonde kavu ambalo riwaya inaliita kwa Kihispania Kitanga cha Mkono wa Mungu. Kampuni ya matajiri wa mashariki inaleta fedha, na pamoja na fedha inamleta Willard Holmes, mhandisi kijana mwenye fikra za mjini. Yupo pia Abe Lee, mpimaji aliyelelewa na jangwa. Kampuni inabana matumizi pale pasipofaa kubanwa, kwenye milango ya kuzuia maji. Mto unavunja kingo. Watu wanahangaika usiku na mchana. Mwishoni Holmes, aliyekwisha kujifunza kulitumikia jangwa, ndiye anayempata Barbara. Abe Lee, aliyempenda kimyakimya tangu mwanzo, anabaki na heshima yake tu. Mama hajamsamehe Wright kwa hilo.

Si riwaya kubwa. Wema wa watu wake ni mwema kupita kiasi, na kila machweo ya jua yanapewa aya nzima. Lakini ina kitu ambacho sikukikuta kwa wingi katika riwaya zetu: mapenzi yanayopimwa kwa mifereji, mabomba na kina cha maji. Sisi tunaye Shaaban Robert, ambaye katika Utubora Mkulima alimtoa mtu kwenye kazi nzuri ya mjini akampeleka shambani, na tunaye Ndyanao Balisidya, ambaye katika Shida, mwaka 1975, aliandika juu ya njaa na ukavu wa nchi ya jirani zetu Wagogo. Aliyeandika mapenzi ya umwagiliaji, kama yupo, bado sijamsoma. Nilikinunua kitabu hiki Dodoma, kwa muuza vitabu vya mitumba, kwa shilingi 2,000, kwa sababu tu picha ya jaladani ilionyesha nchi inayofanana na kwetu.

Kwetu ni Mungaa, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, zikakoma Aprili au Mei, na katika mkoa huu kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Baada ya hapo mbingu hufungwa miezi sita au saba. Tunalima uwele, mtama, alizeti, dengu, vitunguu. Kuna mawe makubwa yaliyokaa juu ya mawe mengine kana kwamba mtu aliyaweka akasahau kuyashusha, na kuna upepo usiochoka. Makorongo hujaa maji kwa siku chache, kisha huwa njia za mchanga. Chini ya mchanga maji hubaki, na wanawake huyafuata kwa majembe na mabakuli: Juni ni kina cha kiganja, Agosti ni kiwiko, Oktoba mtu huingia shimoni mzima akabaki kichwa.

Wright hakuyabuni mafuriko yake. Aliishi katika bonde lenyewe, na aliyoyaandika yalikuwa yametokea miaka michache tu kabla hajashika kalamu. Kampuni ya uendelezaji ilifikisha maji ya Colorado bondeni mwaka 1901. Mwaka 1904 mfereji ulijaa tope, wakachimba njia mpya upande wa Mexico bila kuiwekea mlango wa kuyazuia maji. Mwaka 1905 mto ulifurika, ukaiacha njia yake ya zamani na kumiminikia bondeni, ukaendelea hivyo hadi Februari 1907, kampuni ya reli ya Southern Pacific ilipofaulu kuliziba pengo kwa mawe yaliyomwagwa kutoka mabehewani. Maji yaliyobaki yakawa ziwa, Salton Sea. Halina mahali pa kutokea. Limekuwa la chumvi kuliko bahari, nalo linazidi kunywea na kuacha vumbi linalowadhuru wanaoishi kando yake. Anayeyajua maziwa ya Singidani na Kindai pale mjini Singida hahitaji kuelezwa ziwa lisilo na njia ya kutokea likoje.

Tuwe waadilifu. Bonde lile leo ni shamba kubwa la mboga, na Wamarekani wengi wanakula saladi wakati wa baridi kwa sababu yake. Ndoto ya Mwonaji ilitimia. Jambo lililonishika ni dogo zaidi, nalo ni la lugha. Mahali pale palikuwa pakiitwa Jangwa la Colorado, na George Chaffey, mhandisi aliyefikisha maji, aliona kwamba hakuna atakayenunua shamba jangwani. Ndipo pakaitwa Imperial Valley, Bonde la Kifalme. Neno lilibadilishwa kabla ya udongo. Na kabla ya maneno hayo yote mawili walikuwapo Wakahwia, ambao kumbukumbu zao zilisema kwamba bonde lile lilikuwa ziwa zamani, na kwamba wazee wao waliuona ukingo wake. Mitego yao ya samaki iliyojengwa kwa mawe bado ipo mahali ambapo leo hakuna samaki wala maji. Salton Sea ilipojaa ilifunika sehemu ya ardhi waliyokuwa wametengewa. Katika riwaya, wenyeji hupita pembezoni tu. Nchi imeandikwa kuwa inasubiri.

Nilikuwa nimefika hapo, katikati ya Juni, baba mdogo alipokuja na karatasi.

Aliikunjua mezani juu ya kitabu changu. "Mwalimu," akasema, maana huniita hivyo akiwa na jambo zito, "tusomee hii, halafu utuambie imesema nini." Ilikuwa rasimu ya makubaliano. Mwekezaji, ambaye sitamtaja, aliomba kukodi ekari 60 za bonde letu kwa miaka 20. Angechimba visima virefu, afunge pampu za nishati ya jua, asambaze mipira ya kudondoshea maji, alime vitunguu na matikiti kiangazi chote. Angeajiri vijana. Karatasi ililetwa na kijana wa bodaboda, aliyeambiwa airudishe ikiwa na sahihi. Lugha yake ilikuwa nzuri, Kiswahili safi cha ofisini, na katika ukurasa wa pili ardhi ile ilielezwa kwa maneno matatu: eneo tupu lisilotumika.

Wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa maneno, kwa hiyo niruhusuni nikae hapa kidogo.

Kiswahili kina maneno mengi ya nchi isiyo na watu, na karibu yote yamesemwa na mtu aliyesimama mbali. Chukua nyika. Lilitoka pwani likitazama bara. Watu wa miji ya pwani ya Kenya waliwaita majirani zao Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda, wakaliacha na kujiita Mijikenda, yaani miji tisa. Tazama waliyochagua: aliyeambiwa ni wa nyikani alijibu kwa kuhesabu miji. Chukua pori, ambalo kwa mkulima ni mahali ambapo jembe halijafika, na kwa mfugaji ndiko nyumbani kwa ng'ombe wake. Chukua mbuga. Huku bara mbuga ni bonde la udongo mweusi, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani miaka ya 1930, alilichukua neno hilo kama lilivyo akaliingiza katika sayansi yake alipoeleza jinsi udongo unavyobadilika kutoka mgongo wa kilima hadi chini bondeni. Leo mtoto wa shule akisikia mbuga huona simba na gari la watalii. Na jangwa lenyewe? Shuleni tulifundishwa kwamba ni la Sahara na Kalahari, lakini Dar es Salaam ina Jangwani yake, kando ya mto Msimbazi, ambayo masika ikinyesha sana hujaa maji hadi mabasi hayapiti.

Lipo neno moja linalotofautiana na haya, nalo ndilo nililolichagua kwa riwaya ya Wright: ukiwa. Ukiwa ni hali ya mahali palipoachwa. Nyumba huwa ukiwa baada ya watu kuhama au kufa. Na mtu asiye na wake huitwa mkiwa. Kwa hiyo katika Kiswahili yatima Barbara na jangwa lililomwua mama yake wanatoka katika shina moja la neno, uhusiano ambao Wright, kwa kurasa zake zote za machweo, hakuupata katika lugha yake. Lakini ukiwa una sharti: lazima kwanza watu wawepo. Mahali hapawi ukiwa hivihivi.

Bonde letu si ukiwa. Baba mdogo alipolisikia neno "tupu" alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Mdogo wangu wa kiume hakucheka. Yeye ana miaka 24, na miwili kati ya hiyo ameitumia kuvuna vitunguu vya watu wengine mbali na nyumbani. "Kaka," akaniambia, "maneno hayanyweshi vitunguu. Huyu mtu ana pampu. Wewe una kamusi." Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kwamba lipo jibu la haraka. Anayeona umaskini wa kiangazi chetu kuwa ni utamaduni wa kuhifadhiwa hajawahi kungoja shimoni maji yajikusanye bakuli moja kwa dakika kumi. Mama amengoja hivyo kwa miaka hamsini, na magoti yake yanajua. Nilipomuuliza alijibu kwa sentensi mbili.

"Pampu naitaka. Mshenga sijamwona."

Niliirudia sentensi hiyo usiku kucha. Watu wa nje hufikiri mchumba huombwa kwa mapenzi na mahari tu. Kwetu, kama kwa Waswahili na kwa makabila mengi ya nchi hii, hakuna anayekwenda mwenyewe. Hutumwa mtu. Mtu huyo huketi, huulizwa anatoka kwa nani, hujibiwa kwa mafumbo, hurudishwa, huja tena. Nyumba ya msichana hupewa muda wa kuuliza habari za nyumba ya mvulana. Ng'ombe huja baadaye, na hata ng'ombe wakija, mke haachi kuwa binti wa kwao: ndugu zake wana haki ya kumtembelea, kuuliza anaishije, kumrudisha nyumbani akiteswa. Posa haimhamishi mtu kama gunia. Inafungua njia ya watu kwenda na kurudi.

Katika riwaya ya Wright hakuna mshenga. Pana mashindano. Fedha ya mashariki inashindana na fedha ya huko huko magharibi, Holmes anashindana na Abe Lee, binadamu wanashindana na mto. Nchi na msichana wanangoja kuona nani atatokea mshindi. Hilo ndilo lililo ndani ya neno la kwanza la jina lake, na ndiyo sababu halitafsiriki kwetu: tunayo mashindano mengi, ila mke na shamba hatuvihesabu kuwa vikombe.

Wala ndoto ya kuleta maji ya mbali katika nchi yetu haikuanza na mwekezaji wa bodaboda. Magharibi ya Singida kuna mbuga za Wembere, tambarare pana ambazo maji yake ya masika huingia ziwa Kitangiri, yakapita mto Sibiti hadi ziwa Eyasi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitamani kuyavuta maji ya ziwa Victoria hadi Wembere ili walime pamba. Vita viliwaondoa, ramani zikabaki. Waingereza walipokuja, walibadilishana barua na Misri Mei 1929, wakakubaliana kwamba katika nchi walizozitawala hakutafanywa kazi yoyote kwenye Nile, matawi yake wala maziwa yanayoulisha, kwa namna ya kupunguza maji ya Misri, bila Misri kuridhia. Ziwa likawa mbele ya macho yetu na ufunguo wake ukawa Cairo. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika, nchi ikiwa haijatimiza mwaka tangu uhuru, iliandika kwamba makubaliano hayo hayaifungi. Ilichukua miaka arobaini na zaidi kabla bomba la ziwa Victoria halijafika Shinyanga na Kahama. Lilizinduliwa mwaka 2009, na baadaye likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Ni maji ya kunywa, si ya pamba. Yaliyopita katikati, na hata ile balaa ya karanga ya Kongwa iliyoanza mwaka 1947 na kutupwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, nayaachia wanahistoria. Nasema tu kwamba kila mara walichora ramani kwanza, na kila mara ramani ilikuwa nyeupe pale ambapo watu walikuwa wakiishi.

Nilifikiri huo ni ubaya wa wakoloni, hadi niliposoma sheria zetu kwa ajili ya karatasi ya baba mdogo. Zipo mbili za mwaka 1999, na haziongei sauti moja. Sheria ya Ardhi, Na. 4, inapoeleza ardhi ya jumla, ambayo iko chini ya serikali kuu, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, ni pana zaidi ya moyo: katika ardhi ambayo wanakijiji wamekuwa wakiitumia inahesabu ile iliyolazwa ipumzike, ile ya malisho ya ng'ombe wao, na hata njia za kwendea huko. Njia! Aliyeandika kifungu hicho alikuwa amewahi kutembea. Kwa hiyo maneno matatu ya ukurasa wa pili hayakuwa pambo la mwandishi wa ofisini. Kati ya sheria hizo mbili, "lisilotumika" ni mlango, na sahihi ya baba mdogo ingekuwa ndiyo kitasa chake.

Niliwaeleza hayo wazee wa kitongoji jioni moja, chini ya mti ulio mbele ya nyumba ya baba mdogo. Niliwaeleza pia, kwa kuwa mwalimu hawezi kujizuia, habari za Barbara Worth na mto uliovunja kingo. Kilichowagusa hakikuwa mapenzi. Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini walichimba njia mpya bila kuweka mlango. Nikasema walikuwa na haraka, wakulima walikuwa wakidai maji, na fedha zilikuwa zimepungua. Akatikisa kichwa akasema hiyo anaielewa. Mwingine akauliza yale maji yaliyofanya ziwa yalikuwa ya nani kabla hayajamwagika. Swali hilo sijalipatia jibu hata katika vitabu vya sheria.

Kisha yakaanza mazungumzo ambayo Wright hana sura yake. Ikiwa hii ni posa, mahari ni nini? Kodi iliyoandikwa ilikuwa fedha taslimu kwa mwaka, igawanywe kwa kaya. Baba mdogo alisema fedha ni ng'ombe asiyezaa. Wakataka maji: kisima kimoja kati ya vile virefu kiwe cha kitongoji tangu siku ya kwanza, kwa bomba lenye koki. Wakataka njia ya mifugo iachwe wazi. Mwanamke mmoja, jirani yetu, alisema visima vyao virefu vikizidi kunyonya, vile vya mchangani vitakauka Agosti badala ya kufika Oktoba, kwa hiyo awepo mtu wetu wa kupima kina kila mwezi na pampu zizimwe kikishuka mno. Nilimtazama kwa heshima mpya. Ndiye Mwonaji wetu, na ameishia darasa la saba.

Usiku ule niliandika ubeti, niliokusudia uwe mbele ya tafsiri, mahali ambapo watu wengine huweka tabaruku:

Huku kwetu si jangwani, si mahali pa ukiwa,
Kuna maji mchangani, huchimbwa yakagawiwa,
Kuna njia za zamani, ambazo zimepitiwa,
Mwali hatoki nyumbani, bila posa kutolewa.

Mizani imetimia, ushairi wenyewe nawaachia mhukumu. Mama aliusikiliza akasema mstari wa pili una kasoro, maana maji ya mchangani hayagawiwi, yana zamu. Ana haki, lakini "zamu" haikai kwenye kina, na ninaacha kosa hilo hapo kwa kuwa kina pia kina haki zake.

Tulikubaliana karatasi irudi bila sahihi, pamoja na barua ya kumwomba mwekezaji aje mwenyewe au amtume mtu mzima wa kuketi naye, na kwamba jambo lenyewe lipelekwe mkutano mkuu wa kijiji mwezi Septemba. Mdogo wangu alipinga. Alisema mtu wa fedha akirudishiwa karatasi hatarudi. Atahamia bonde la jirani, na sisi tutabaki na zamu zetu. Huenda ikawa hivyo. Siwezi kumwambia kwamba anakosea. Wako vijana wengine wanne waliosema kama yeye, na katika mkutano mkuu sauti zao zitahesabiwa sawa na za wazee, jambo ambalo ni zuri hata likinitia wasiwasi.

Hata hivyo ndiye aliyeandika, kwa kuwa ana mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Tulifuta yale maneno matatu, na wazee wakaanza kutaja kilichomo bondeni, kila mtu alichokijua, naye akiandika kwa kunung'unika. Malisho ya kiangazi, kaya 19. Mashimo ya maji, manne, kwa zamu. Njia ya ng'ombe kutoka mawe makubwa hadi korongoni. Viazi vitamu vya masika, upande wa juu. Udongo wa kusiriba kuta. Mashamba yaliyolazwa, na nani ameyalaza, na tangu lini. Miti ya kivuli wanapokutania wachungaji. Mizinga ya nyuki ya mzee mmoja ambaye hakuwapo, wakakubaliana idadi yake baada ya ubishi mrefu. Makaburi mawili. Ukurasa ulijaa, akageuza nyuma.

Alipofika mwisho akauliza kama kuna mwenye nyongeza. Kimya. Akasoma tena mipaka ya zile ekari 60, polepole, akifuata kwa kidole: kutoka jiwe hili hadi mbuyu ule, kutoka mbuyu hadi lilipo pindo la korongo. Akarudi akasoma pindo la korongo mara ya pili. Kisha akaandika, bila kumsomea mtu, na mimi nikaona kwa kuchungulia tu: vitunguu, robo ekari, kwa ndoo, mwaka wa tatu sasa. Akaweka jina lake.